Baraka, Besiboli na Mdomo Wangu

Jumamosi, Riyadh. Vumbi tangu alfajiri. Kutoka dirishani hapa Murabba sioni hata jengo la jirani. Nina aibu na nina furaha, na vyote viwili vinanizuia kulala mchana huu ambao ni wangu wa mapumziko.

Naandika ili nijisute mwenyewe kabla wengine hawajaendelea kunisuta.

Mwaka jana sikujua besiboli ni kitu gani. Marites, muuguzi wa Kifilipino ninayekaa naye chumba kimoja, alinipeleka uwanjani Ijumaa moja kumtazama mumewe akicheza, nami nikaenda kwa sababu aliniahidi chakula. Nikakuta timu ya wafanyakazi: Wafilipino, Wapakistani wachache, na kijana mmoja mweusi mrefu ameshika gongo kama mtu anayesubiri nyoka atoke shimoni. Ni Mtanzania. Anaitwa Baraka, ana miaka ishirini na mbili, ni fundi wa viyoyozi. Besiboli alifundishwa sekondari, Dar es Salaam, na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nikiona mtoto wa nyumbani ugenini, akili hunitoka kidogo.

Tatizo ni kwamba Baraka alikuwa hapigi mpira. Besiboli ni rahisi kuieleza: unarushiwa mpira, unaupiga kwa gongo, unakimbia kuzunguka vituo vinne mpaka urudi ulipoanzia, mnapata alama. Ukiukosa mara tatu, unatoka. Baraka alikuwa anatoka. Ijumaa baada ya Ijumaa anatoka.

Basi kuna Mkenya anaitwa Wafula, mlinzi kule Jeddah, mwenye ukurasa wa michezo ya Waafrika Mashariki waliopo huku. Mechi za mbali anatumiwa video, na watu wanamfuata sana. Mwezi uliopita akasema kwenye video, taratibu kabisa: "Huyu kijana anapunga hewa. Kwa kuwa ni fundi wa viyoyozi, tuseme anafanya overtime."

Watu walicheka mpaka Bahrain.

Nikajibu. Niliandika aya sita. Nilisema kijana hajengwi kwa kejeli, nikataja malezi, nikataja uzalendo, nikamtaja na mama yake Baraka ambaye simjui. Wafula alinijibu kwa neno moja, "Sawa." Hilo "sawa" ndilo lililoniharibu.

Sasa nakiri. Nilifungua akaunti ya pili, nikaiita Mpenda Haki, ili nipate mtu wa kukubaliana nami. Mpenda Haki alikuwa ananisifu sana. Siku moja, katikati ya kazi, nikachanganya akaunti, nikaandika kwa jina langu na picha yangu ya Idi: "Nakubaliana kabisa na nilichosema hapo juu."

Mpaka leo kuna watu wananisalimia hivyo.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Wafula akanialika kuzungumza moja kwa moja kwenye ukurasa wake, nami nikakubali, nikavaa na hereni. Nilijitahidi. Nikasema jua la Riyadh, nikasema uchovu wa kazi. Hoja ziliponiishia, nikasema hivi, Mungu anisamehe: "Mimi ni mtu wa maabara, naijua afya. Inawezekana kijana haoni vizuri."

Haoni vizuri. Fundi anayepanda ngazi ghorofa ya nne na nyaya mkononi.

Siku ya pili yake maneno yalimfikia bosi wake. Bosi akamwita: halas, basi, hakuna kupanda ngazi mpaka daktari aandike. Baraka akakaa stoo siku tatu anahesabu misumari, huku wenzake wakimwonyesha vidole na kumuuliza ni vingapi. Mkataba wake unakaribia kuisha, na ikama yake, kibali cha kuishi huku, iko mkononi mwa bosi huyo huyo. Angeamua kumrudisha nyumbani, angemrudisha.

Alipimwa. Macho mazima kabisa, kama ya mwewe. Kwa hiyo hata kisingizio hicho nilikuwa nimemnyang'anya.

Jioni hiyo akanitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa.

"Shikamoo dada Mwana. Samahani, nina ombi. Naomba usinitetee tena. Kaka Wafula akisema napunga hewa, mimi nacheka, maana kweli napunga. Lakini wewe ukinitetea, dada, nakosa usingizi. Nashukuru sana. Niko chini ya miguu yako."

Nilikaa kitandani na simu mapajani. Marites akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia karibu.

Jana timu ilikuwa na mechi Jeddah. Wachezaji walitangulia kwa basi, mimi na Marites tukapanda ndege ya asubuhi. Nilimwapia kuwa sitatoa sauti. Tulipopita Balad, mji mkongwe wa Jeddah, nikanunua mbegu za maboga, nusu kilo, ili mdomo upate shughuli.

Jeddah jasho linakutoka hata ukiwa umesimama. Uwanjani nilimkuta mwanamume mwembamba wa makamo, amejitandazia gazeti kwenye kiti, na daftari la shule mkononi. Aliponiona akasimama, akaniachia kiti.

"Karibu, madam. Wewe ndiwe Mpenda Haki, ama ni yule mwingine?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nilitegemea kumkuta Wafula mkali. Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akaniambia tangu mechi ya kwanza hajawahi kukosa kuandika jina la Baraka, hata siku ambazo hakuna la kuandika.

Baraka alikosa mara ya kwanza. Nikatafuna. Akakosa mara ya pili. Nikatafuna na maganda.

Mara ya tatu akaupiga. Sitadanganya, haukuwa mpigo wa kujivunia. Mpira ulibingirika taratibu kama unaona haya. Mdakaji akauokota, akaurusha haraka, ukampita mwenzake na kwenda uzioni. Baraka alikuwa ameshafika kituo cha kwanza, akaendelea. Cha pili. Cha tatu. Kila mtu anamwambia simama, yeye haambiliki, akaruka kwa tumbo mpaka mwisho, vumbi likamfunika mzima.

Alama.

Aliyepiga kelele ni Wafula. Alirusha daftari, chai ikamwagika kwenye gauni langu, akanishika bega akinitikisa kama mti wa mapera. Mimi mdomo umejaa mbegu, machozi yananitoka.

Tulifungwa tisa kwa moja.

Leo asubuhi nimefungua ukurasa wa Wafula. Amerudi kwenye kazi yake ya kukosoa. Ameandika kwamba, kwa kanuni, alama ile itahesabiwa kosa la mdakaji na si ufundi wa mpigaji.

Damu ikanichemka. Nikaandika aya moja. Nikaandika ya pili. Nilikuwa nimefika uzalendo nilipoona jibu jipya limeingia juu ya langu. Ni la Baraka mwenyewe, ambaye hajawahi kuandika neno pale:

"Kaka Wafula, mpigo ni kosa la mdakaji, nimekubali. Na zile mbio nazo alinikimbilia yeye?"

Wafula akajibu: "Mbio ni zako, kijana. Narekebisha."

Nimefuta aya zangu zote. Nimeweka simu kifudifudi, nimekwenda kufua gauni.

Sijui kama hilo linaitwa busara au ni uchovu tu. Tutaona Ijumaa.