Upande Wako wa Sinia

Mpendwa Kaka,

Hapa Ngara Ijumaa bado ni pilau, ila siku hizi ni wali wenye harufu ya pilau. Kodi imepandisha bei ya mafuta ya kupikia, nyama tunaisikia tu kwa majirani. Lakini Mama akiweka sinia chini, upande wako haugusi mtu. Jana nilisogeza vidole, akanichapa mkono. "Kula mbele yako! Huo wa kaka yako."

Adabu hiyo ulinifundisha wewe. Nilikuwa nikivizia viazi vyako, nawe unacheka: "We Bubu, kuongea huwezi, kuiba unaweza!" Kisha unanisukumia kiazi mwenyewe.

Nina hasira, Kaka. Ulisomea unesi, ukahudumia wodi nzima, mkataba ulipoisha ukaambiwa ajira zimesimamishwa, nchi inalipa madeni. Sasa unawafungulia watu mlango wa duka huko Ghuba, Uarabuni, na wodini kwako wagonjwa wanalala wawili kitanda kimoja.

Juzi afisa wa serikali alikuja shuleni. Akasema, "Vijana, taifa ni familia. Sote tunakula sinia moja. Tukaze mkanda." Watu wakapiga makofi. Sijui nilisimamaje. Sauti ikatoka kama ya paka.

"Kwenye sinia kila mtu hula mbele yake. Kaka yangu ni nesi. Upande wake ulikuwepo. Nani ameula?"

Halafu mtu nyuma akasema, "Manze, kumbe huyu huongea!" Ukumbi ukacheka. Afisa naye akacheka. "Binti, hayo utayaelewa ukikua."

Naelewa sasa hivi! Waliokopa walikula, wakanawa mikono, wakaenda zao. Sisi ambao hatukualikwa ndio tunaoosha vyombo. Hilo sikulisema. Nilienda kulilia chooni.

Mama ameitwa shuleni Jumatatu, eti nimekosa adabu, niombe radhi. Jana nikamwambia, nikingoja kugombezwa. Akauliza tu, "Ulisema nini?" Nikamrudia neno kwa neno. Akachukua kiazi cha upande wake, akakiweka upande wako.

"Jumatatu tutaenda," akasema. "Radhi haiombwi."

Naogopa, Kaka. Lakini siombi.

Wewe rudi tu. Njoo uniite Bubu, maana wengine sijawaruhusu. Viazi vyako vinapoa.

Mdogo wako wa kike