Koleta, Tunausahihisha Wasifu Wako

Mwaka umetimia, mpendwa wetu Koleta Limbu, tangu kichomi kikuchukue ndani ya siku tatu. Makaburini kaka yako Wilbroad alisoma wasifu wako: ulizaliwa, ulibatizwa, uliolewa, ulikuwa fundi cherehani, "na maisha yake yote alikuwa na afya njema." Waombolezaji wakainamisha vichwa. Mtaa wetu wote wa Mtendeni ulijua kwamba tunadanganya.

Si kosa la Wilbroad peke yake. Wasifu ule tuliuandika sote, tumeketi sebuleni kwako, na kila aliyefikia neno lile alilifuta.

Basi leo tunaliandika, na asiyetaka asisome. Uliumwa ugonjwa wa akili kwa miaka kumi na minane. Ulisikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Ulilazwa mara nne, na kila mara tuliwaambia watu umekwenda Ulyankulu kusaidia kuvuna tumbaku, hata miezi ambayo hakuna tumbaku shambani.

Wewe hukuwa na aibu hiyo. Wagonjwa wenzako walipita vichochoroni siku ya kliniki. Wewe ulivaa sare ya kwaya ya parokia, uliyoishona mwenyewe, ukashika barabara kuu.

"Mama Theodora, unakwenda wapi umependeza hivyo?" jirani alikuuliza.

"Kliniki ya akili. Twende, wewe nawe huna hali nzuri."

Alicheka. Mwezi uliofuata mlikwenda wawili.

Dawa zilipokutetemesha mikono, ulimpa mteja sindano akutungie uzi, halafu ukamkaripia kwamba anakuchelewesha kazi. Tunakukumbuka hivyo, na tunakupenda hivyo.

Tulidhani tumekusitiri. Kumbe tulimfungia mlango Theodora, binti yako. Miezi michache baada ya kukuzika, naye alianza kusikia sauti, akanyamaza wiki sita. Mumeo Adriano alimkuta amejifungia chumbani, hajala siku mbili, akamwuliza kwa nini hakusema.

"Mama mlimwonea aibu hata akiwa ndani ya jeneza, baba," alijibu. "Mimi niliye hai mngenifanyaje?"

Maneno hayo yanatuuma hadi leo.

Theodora sasa anatibiwa. Kuna wiki anacheka na kutupikia, na kuna siku hatoki kitandani. Zote ni siku zake. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka jina lake liandikwe hapa. Wilbroad ndiye anayempeleka kliniki, na wakiulizwa njiani wanasema wanakokwenda.

Wapo ndugu waliotuomba tusitoe tangazo hili la kumbukumbu, kwamba ukoo utasemwa na wachumba watatukimbia. Tumewasikia, na tumelitoa. Wanaotaka kukimbia wakimbie mapema.

Jumapili hii, baada ya misa ya kukuombea, Wilbroad atasoma wasifu wako upya mbele ya watu walewale, bila kufuta kitu. Mwenye mgonjwa aliyemficha ndani aje naye. Viti vipo.

Unakumbukwa na mumeo Adriano, wanao Theodora na Emilian, kaka yako Wilbroad, wifi yako Magreth, na wanakwaya wenzako wote.

Tutakukumbuka siku zote, Koleta, na hatutakuficha tena.