Kwa Wifi Hadija, Kuhusu Madebe Matatu ya Dranya

Wifi yangu Hadija,

Umelala miezi mitano huko Koboko na mimi sijamaliza kukugombeza.

Huko Arua sukari haipatikani. Sabuni nayo unasikia tu kwamba imepita kwa jirani. Lakini nimeshika kalamu kwa ajili ya shamba lako la Dranya.

Baada ya arobaini yako, shemeji zako walikaa wakasema shamba apewe mtu mwingine wa kuufufua udongo, kwa sababu umechoka. Wakaniuliza mimi. Si unajua mdomo wangu? Nikasema, "Hiyo udongo imekufa zamani. Hata karanga inaona haya kuota." Wanaume wakacheka. Binti yako Rukia, anayekula kwa shamba hilo hilo, akainamisha kichwa.

Halafu akaja mjukuu wangu Aziza, yule wa ofisi ya kilimo. Misimu mingi amezunguka mashamba ya Arua na Dranya akiandika: shamba liko wapi, limepaliliwa siku ngapi, limetoa madebe mangapi. Akaleta karatasi. Nikaona Dranya imeandikwa tatu. Nikatafuta Arua, liliko shamba langu: sifuri!

Wifi, nilisimama. "Mimi, sifuri? Aliyekulisha karanga mpaka ukapata mashavu ni nani?"

"Bibi, kaa. Sifuri si matusi. Arua ndipo tunapoanzia kuhesabu. Hiyo tatu ni tofauti ya Dranya na Arua."

Akamwaga karanga mkekani, kila punje debe moja. Nne za kuanzia, hata kama hujagusa jembe. Kila siku ya palizi inaongeza moja, Arua na Dranya sawasawa. Shamba likiwa Dranya, ongeza tatu. Nikamuuliza, basi nikipalilia siku mia nitapata madebe mia na nne? Akasema hakuna mtu aliyefika hata siku thelathini, kwa hiyo karatasi yake haijui habari za huko. Hapo nikaanza kumwamini kidogo.

Nikasema, "Lakini macho yangu yameona. Mimi nilivuna kumshinda Hadija misimu miwili ya mwisho."

"Ndiyo, Bibi. Wewe siku ishirini, yeye siku kumi. Hesabu."

Nikahesabu. Mimi ishirini na nne. Wewe nne, na kumi, na tatu: kumi na saba. Kisha akaniambia nikupe wewe pia siku ishirini. Ishirini na saba! Si kila shamba litafuata punje kwa punje, alisema, lakini mashamba yakipaliliwa sawa, kwa kawaida la Dranya linazidi la Arua. Udongo wako ulikuwa mzima siku zote.

Nikapiga kofi mkekani. "Kumbe Hadija alikuwa mvivu!"

Rukia, aliyekuja kukaa nami, alikuwa anachekecha unga mlangoni. Akasema polepole, "Shangazi, wakati wa palizi mama alikuwa Kuluva na wewe."

Wifi. Mguu wangu. Misimu miwili nimelazwa hospitali ya Kuluva, vibarua wananipalilia shamba langu siku zote ishirini, na wewe uko kando ya kitanda unanilisha uji, na mimi nakwambia uji wako una mabonge. Misimu hiyo hiyo ndiyo Aziza aliandika siku zako kumi. Karatasi yake haikuuliza siku nyingine ulikuwa wapi. Na mimi niliyekuwa nakutazama kila asubuhi, sikuuliza pia.

Kesho yake nilipanda lori mpaka Koboko. Nikasimama mbele ya shemeji zako nikasema, "Nilikosea." Ulitaka kusikia neno hilo kwangu maisha yako yote, ukaondoka bila kulisikia. Mmoja akaniomba nirudie. Nikamtazama, akaanza kutafuta kiatu chake. Shamba ni la Rukia.

Sasa niko Dranya naye. Siku ishirini za palizi nitazitimiza, mguu upende usipende. Lala salama, wifi yangu, Mungu akupe nafasi. Ila jembe lako nimelikuta butu kama mwiko, na hilo Kuluva haihusiki. Huo ni uvivu wako mwenyewe. Nitalinoa mimi.

Wifi yako,
Zainabu