Joho la Baltazari

Jumatatu, 3 Februari 1997

Leo mwenyekiti wetu Baltazari kaniita ofisini. Anakwenda Dar kutibiwa macho, harudi kabla ya Pasaka. Kwa hiyo baraza la madiwani la Ijumaa ya wiki ijayo nakaa kiti mimi, makamu wake. Mimi, Fortunata! Halmashauri yetu haijawahi kuongozwa na mwanamke hata kwa nusu saa. Akanikabidhi joho kwa mikono miwili, akasema ananiamini.

Nimelijaribu mbele ya kioo cha kabati. Baltazari ni mrefu — pindo linafagia sakafu, mikono inanimeza. Kesho nampelekea fundi Rhoda pale sokoni alikunje. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Laiti marehemu mume wangu angeniona.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeshinda kwa mdogo wangu Albina, kwenye lile shamba la zamani la halmashauri, njia ya Mollo. Ng'ombe wa serikali waliofugwa pale walikwisha siku nyingi, watu wakaingia kulima. Sasa kuna mwekezaji anataka kulima ngano kwa matrekta, na hoja ya kumpa shamba lote ndiyo inakuja Ijumaa. Siku hizi kila kitu ni mwekezaji. Ushirika umekufa, mahindi hayana mnunuzi wa maana, mbolea haishikiki — eti ni soko huria.

Wao mbolea yao ni majani. Walikuwa wanatengeneza ntumba, yale matuta ya mviringo, wanawake kwa wanaume wamejipanga mstari, wanafukia nyasi ndani yake zioze. Ulezi wenyewe watapanda humo mvua zijazo. Ukimfukuza mtu sasa hivi umemnyang'anya mwaka mzima ulioko chini ya udongo. Hata Mboje, yule Msukuma wa ng'ombe ambaye Albina hugombana naye kila msimu, alikuwepo. Naye hana pa kwenda.

Albina akaniuliza kama nitawasemea. Nikamwambia zaidi ya kuwasemea — nakaa kitini! Akatupa jembe, akapiga vigelegele. Wote Ijumaa wanakuja kunitazama.

Jumatatu, 10 Februari

Siku mbaya. Mkurugenzi, Bwana Leonidas, kanipitisha kwenye kanuni. Ana upole wake, anaeleza taratibu kama anafundisha katekisimu. Mwenyekiti hachangii hoja. Mwenyekiti hapigi kura, isipokuwa kura zikilingana. Kazi yake ni kusikiliza, kuhoji baraza na kutangaza.

Nikahesabu kichwani palepale. Wanaotaka mwekezaji ni kumi. Tusiotaka ni kumi, pamoja na mimi. Angekaa Baltazari, kura zingelingana na angelazimika kuamua mbele ya macho ya watu. Nikikaa mimi, ni kumi kwa tisa. Hoja imepita, na anayeitangaza ni mimi. Baltazari haumwi macho hata kidogo!

Nikasema basi, sikai, mchague mwingine. Leonidas akasema makamu akiwepo ndiye anayekaa. Nisipofika, kura yangu haipo vilevile. Nikasema najiuzulu umakamu. Akasema sawa, barua itapokelewa kikaoni, na mwenyekiti wa kikao. Ndiye nani? Mimi. Akatabasamu kwa huruma, nadhani ni huruma ya kweli.

Nimekasirika. Nilivyofurahia lile joho, mtu mzima mimi!

Jumatano ya Majivu, 12 Februari

Nilimngoja Coleta nje ya kanisa baada ya misa. Coleta ni wa viti maalumu kama mimi, na yuko upande wa mwekezaji kwa sababu ya mumewe. Nikamwambia simwombi apige kura ya hapana. Atoke tu, aende msalani wakati wa kuhesabu. Watabaki tisa kwa tisa, na hapo kura inakuwa yangu.

Alijifuta majivu yaliyomwangukia kwenye nyusi. Halafu akasema, "Nitatoka. Lakini usiniangalie nikitoka, Fortunata."

Nikapita kwa mzee Isdori, diwani wetu mkongwe, ndiye atakayeongoza upande wetu kusema. Alinikaribisha vizuri, akalalamikia kijana wake aliyefunzwa udereva na mpaka leo yuko nyumbani anakula. Nikamwambia habari ya Coleta. Akasema vizuri sana, vizuri sana.

Alhamisi, 13 Februari

Mvua kutwa. Rhoda kaleta joho. Kalikunja kwa sindano ya mkono, cherehani imeharibika. Silali vizuri. Lakini tisa kwa tisa inawezekana!

Ijumaa, 14 Februari

Naandika ofisini kwa Baltazari, joho mwilini. Nimeahirisha kikao kwa ajili ya chai. Niandike upesi.

Ukumbi ulijaa. Albina na wenzake walikaa benchi la wageni wamevaa nguo za kanisani, Mboje na mkewe pembeni yao. Nilipoingia wote wakasimama. Sijui kama nimewahi kusimamiwa na watu hivyo. Nilitaka kulia.

Waheshimiwa wakachangia. Mmoja alisema watu wa pale ni wavamizi. Albina akanitazama, anangoja nijibu. Nikasema, "Asante, Mheshimiwa, muda wako umekwisha." Hiyo ndiyo sentensi kali niliyoruhusiwa asubuhi nzima. Isdori alipopewa nafasi aliongea kuhusu umuhimu wa amani, akaketi. Kuhusu shamba, hata neno moja.

Nikahoji baraza. Coleta akanyanyuka, akatoka. Sikumwangalia. Wanaoafiki — tisa. Kama tulivyopanga! Wasioafiki — nane. Nikahesabu tena. Nane. Isdori alikuwa anatazama viatu vyake, mikono yote miwili kwenye fimbo.

Nilitakiwa nitangaze palepale. Nikasema tunywe chai kwanza. Mamlaka yote niliyonayo ni hayo, kuwapeleka watu chai.

Isdori kanifuata mpaka mlangoni. Akasema, "Mama Fortunata, kijana ameshaahidiwa kazi. Ataendesha trekta palepale. Ningefanyaje?" Ningekuwa na mtoto wa kiume anakaa bure nyumbani, sijui.

Leonidas alikuja baada yake. "Kura zimeshaandikwa, Mheshimiwa, limebaki tamko lako tu." Nikamwuliza nisipotamka je? Akasema atatamka mwenyekiti wa muda, watamchagua kwa dakika mbili, ila heshima yangu itakuwa imeshuka. Heshima!

Kisha akaingia Albina, bila kubisha hodi, na kikombe cha chai ameninunulia nje. Hakuelewa hesabu. Huko nje, anasema, wanaambiana kwamba mwenyekiti amesimamisha kikao, maana yake amekataa. Mke wa Mboje ameshatuma mtu shambani kuwaambia. Kesho wanahamia ng'ambo ya kijito, wafukie upande ule uliobaki kabla nyasi hazijakomaa.

Nikafungua mdomo nimwambie. Akaniinamia. Pindo lilikuwa limefumuka, uzi wa Rhoda unaning'inia. Akaukata kwa meno, akanilainishia joho mabegani kama nilivyokuwa namvalisha yeye sketi ya shule.

"Simama vizuri, dada," akasema. "Watu wote wanakutazama wewe."

Ameshatoka, ameniachia chai. Namsikia huko koridoni anacheka na wenzake, wanarudi ndani kuwahi nafasi za mbele. Leonidas anabisha tena, taratibu, kwa kidole kimoja. Chai bado ya moto. Nimwambie anipe nusu saa nyingine —