Tafsiri ya Kaka Taimur

Bawshar, Muscat, 17 Januari 2025

Kaka Taimur,

Assalaam alaykum na shikamoo. U mzima? Vidole bado unavyo na hiyo baridi ya Nagoya? Sie wazima, goti la Baba tu ndilo linamsumbua. Nakuandikia barua pepe kwa kuwa nikipiga simu Mama husimama nyuma yangu.

Unamkumbuka Aseel wa Al Khoudh, sahibu yangu tangu darasa la kwanza? Ndiye aliyenitia kwenye nyimbo za Kijapani. Tulikuwa tuimbe wanne kwenye hafla ya skuli, na ubeti wa kwanza, wa kuimba peke yake, ulikuwa wa Aseel. Mie niliyekuwa nikipanga nikampa mwenzetu Balqees, kwani sauti yake inapanda juu zaidi. Sikumwambia Aseel. Akajua siku ya mazoezi, mbele ya watu. Tangu hapo hasemi na mie, na kosa ni langu, najua.

Jana kaniletea wimbo. Wimbo mtupu, bila ya salamu. Ni wa lile kundi la Kijapani la wasichana saba tunalolipenda, umetoka juzi. Aseel Kijapani anakijua, kajifunza mwenyewe. Mie naimba kama kasuku. Simu imenitafsiria upuuzi, mara samaki, mara mwavuli. Kaka, kiitikio kinasema nini? Darasa zima linajua kaka yangu anasoma Japani.

Mdogo wako,
Noof


Nagoya, 19 Januari 2025

Mdogo wangu Noof,

Waalaykum salaam, marahaba. Vidole ninavyo vyote, na theluji imenifunza kuvaa soksi mbili. Mpe pole Baba, na mwambie masomo yanakwenda vizuri sana.

Wimbo wenu nimeusikiliza. Mwepesi. Kiitikio kinasema hivi: "Kwaheri. Treni yangu imeshaondoka, usije stesheni kunitafuta."

Pole, mdogo wangu. Mtu akishakwambia hivo, muachie njia yake.

Kakako,
Taimur


Bawshar, 5 Februari 2025

Kaka,

Shikamoo. Natumai hujambo na kifua kimepoa. Mama anasema alikusikia ukikohoa.

Ahsante kwa tafsiri. Nililia mpaka Mama akadhani nimefeli. Kisha nikafanya ulivyoniambia. Jumapili Aseel alikuja kusimama karibu yangu penye mabasi ya skuli, ananitazama tu, kama anangoja kitu. Nikampita kama simuoni. Si ndivyo alivyotaka? Siku ya pili akaja tena, nikampita tena. Ya tatu hakuja.

Hafla ilipita vizuri, watu walipiga makofi. Balqees na wenzake wamenipa nyimbo nyengine tatu uwatafsirie. Wanakuita "ustadh".

Mdogo wako,
Noof


Nagoya, 1 Aprili 2025

Noof,

Iddi mubarak. Hamjambo nyote? Mie mzima. Tumesali, tumekula biriani ya Wapakistani, nikawakumbukeni.

Zile nyimbo tatu nisamehe, nna shughuli nyingi. Aseel hajambo? Mmeshasemezana? Nilikuwa na neno la kukwambia, lakini si la siku ya Iddi.

Kakako,
Taimur


Bawshar, 4 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo, na Iddi yako iwe njema. Baba mara hii alikwenda kusali bila ya fimbo, alhamdulillah.

Aseel hayupo. Wazee wake wameachana, na katikati ya Ramadhani mama yake kamchukua kwenda Salalah, kule kusini. Nimeyasikia skuli, kama mtu baki. Miezi yote hiyo kwao kunawaka moto na mie sijui! Hakuniaga. Lakini wimbo si ulishaniambia?

Neno gani ulilokuwa nalo?

Mdogo wako,
Noof


Nagoya, 27 Aprili 2025

Mdogo wangu Noof,

Nakusalimu na uso nimeuinamisha. Najua umengoja jibu. Kila siku nilikuwa nikiandika na kufuta.

Wimbo ule hauna treni. Nilikudanganya. Nilipousikiliza nilidaka neno moja tu, la kuagana, mengine nikayajaza mwenyewe. Kijapani kimenishinda, Noof. Mtihani wa lugha nimeanguka mara mbili. Wenzangu wameshaingia chuo kikuu, mie bado nipo darasa la lugha. Wewe ulikuwa unajivuna na mie mbele ya wenzio, nikaona haya kusema sijui.

Mwenzangu wa chumbani, Mmalaysia, alinikuta nausikiliza wimbo simuni akanieleza. Kiitikio kinasema: "Nikikwambia kwaheri, usiikubali. Mie siwezi kuanza. Nianzie wewe."

Na baya zaidi ni hili: nilijua tangu siku za mwanzo za Ramadhani. Aseel alikuwa bado yupo Muscat. Kila siku nikasema kesho. Uliponiandikia kwamba keshaondoka, ndipo nilipoanza kuandika na kufuta.

Nisamehe.

Kakako,
Taimur


Bawshar, 9 Mei 2025

Kaka Taimur,

Shikamoo. Sote wazima.

Nambari mpya ya Aseel nilipewa na shangazi yake. Nikampigia, nikamueleza yote. Akasema, "Treni? Treni gani?" Akacheka kidogo, kama zamani. Akanambia, "Nilikusimamia pale penye mabasi siku mbili. Baba alikuwa ameshatoka nyumbani, na sikuwa na mtu mwengine wa kumwambia. Nilidhani umenichoka. Nikajifunza kukuchoka na mie."

Nikamuomba radhi ya ubeti, na ya kumpita. Kasema kasamehe. Lakini tulipomaliza maneno ya msamaha hatukuwa na mengine. Aliniuliza mitihani lini, nikamwambia, basi. Zamani sikuwa nikikata simu yake mpaka Mama aninyang'anye.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, silikatai. Na kutojua kwako Kijapani wala hakunikasirishi, wallahi ningekucheka tu. Lakini ulijua, na bado ukaniandikia Iddi mubarak, ukaniuliza Aseel hajambo.

Baba anawaambia watu msikitini kwamba mwanawe mwakani injinia. Mie sitomwambia kitu. Utamwambia mwenyewe, na kabla hujamwambia usiniandikie.

Noof


Nagoya, 23 Mei 2025

Mdogo wangu Noof,

Assalaam alaykum. Sikuulizi hali, leo nimeisikia sauti yako, nimejua u mzima.

Nimempigia Baba baada ya sala ya Ijumaa. Nimemwambia mitihani, miaka, na uongo niliokuwa nikimtumia. Nikamwambia na ya wimbo pia. Akaniuliza, "Na mtoto umemwambia?" Nikamjibu wewe ndiye uliyenituma kwake. Akasema nina mpaka mwezi wa tisa. Nikianguka tena, nirudi, na yeye ndiye atakayekuja kunipokea uwanja wa ndege, si mtu mwengine.

Kisha nikamsikia akikuita, "Noof, njoo useme na kakako." Nikasikia kiti kikisogezwa, halafu wewe kwa mbali:

"Mwambie si leo, Baba."

Nimekusikia. Si leo. Nitangoja.

Kakako,
Taimur