Mchoro Uliofungiwa Ofisini

Mpendwa Nekesa,

Barua yako imefika na tumeisoma mara mbili. Hapa Laini Saba tu wazima. Babu yako amepona goti na ameanza tena kubishana na majirani.

Umeuliza nilifanya nini nilipokuwa meneja wa michoro, ikiwa sikuchora wala sikujenga. Nikujibu kwa siku moja ya miaka ya tisini, tulipokuwa tukijenga zahanati Kabiro, kule Kawangware.

Wodi ya uzazi ilikuwa orofani, na mhandisi alikuwa amehamisha ngazi ili machela ipite vizuri. Mchoro mpya niliupeleka mwenyewe. Wiki iliyofuata nikakuta mafundi wako tayari kumwaga zege la orofa, na nafasi ya ngazi iko palepale pa zamani.

“Simamisheni!”

“Madam, leo umeamkia sisi na hasira,” fundi mmoja akacheka.

Foremani wetu, Wafula, akatoa mchoro mfukoni. Ulikuwa wa zamani, umejaa vipimo vyake vya penseli.

“Na ule mpya?”

“Nimeufungia ofisini, Madam. Ni msafi sana, tungeuchafua.”

Sikumgombeza. Mimi ndiye niliyemwachia ule wa zamani. Akaenda kuuleta, tukaketi juu ya mbao, akahamishia vipimo vyake kwenye mchoro mpya, kimoja kimoja, nami nikaurarua wa zamani. Tangu hapo sikutoa mchoro mpya kabla ya kupokea wa zamani.

Zahanati ilipofunguliwa, nilisimama chini nikatazama machela ya kwanza ikipandishwa. Haikugusa ukuta.

Nyanya yako,
Rispa