Tamia Amerudi Darasani

Mtaa wa Burleigh,
Milwaukee.
9 Februari 2019

Mpendwa dada Ruthene,

Hujambo huko Mississippi? Goti lako je, limekubali zile ngazi za kanisani? Mimi mzima, ila huku theluji imetufungia ndani, na tangu mwanangu Cedric ahame, nyumba imekuwa kubwa. Naongea na redio, dada, na redio hainijibu.

Tamia naye mzima. Unajua mama yake tangu aachane na Cedric hamleti kwangu. Basi mjukuu wangu nilikuwa namwona kule shuleni ninakopika tu. Walimu walisema hajui kusoma, wakamweka na wenzake wanne kwenye meza ya pembeni, karibu na jiko langu, wajaze makaratasi kila asubuhi. Wote weusi. Kila mtu aliona, hakuna aliyesema. Roho iliniuma, lakini nilikuwa naye.

Sasa sikia. Ijumaa ya wiki iliyopita walimu walikuwa na mafunzo, watoto wako kwao, nami nawamiminia kahawa. Akaja kuwafundisha mama mmoja mweusi, Bi Tolliver, kofia yake ungeipenda. Akawapa maelezo ya watoto kuhusu kitabu walichosoma, yamepigwa chapa, hayana majina, wachague msomaji mzuri ni yupi. Mwalimu wa Tamia, Bi Lindqvist, akainua moja.

"Huyu ameelewa kuliko wote."

"Una hakika, mwalimu?"

"Kabisa."

"Basi huyo ni Tamia, uliyemtoa darasani ukamweka jikoni."

Bi Lindqvist akawa mwekundu mpaka masikio. Mzee mmoja mwalimu akaguna, "Sisi hapa hatuangaliagi rangi."

"Basi leo angalia, baba," Bi Tolliver akamwambia.

Jumatatu Bi Lindqvist akaja mwenyewe kuwachukua watoto. Wanne wakatoka mbio. Tamia akang'ang'ania kiti. "Mimi nakaa na bibi."

Mwalimu akanitazama. Dada, ulimi ulikuwa tayari kusema mwache.

Nikamwambia mtoto, "Nenda zako, kila siku kunipigia kelele tu. Nina vitunguu vya kukata."

Akaenda, amenuna.

Nisalimie shangazi Lurleen, na Booker na mkewe, na wale mapacha wakorofi. Mungu akae nanyi mezani na kitandani. Nipigie hata kama huna habari yoyote.

Ile meza ya pembeni wameikunja. Bi Lindqvist anasema Tamia sasa anawasomea wenzake kwa sauti, darasa zima linatulia. Mimi sijamsikia. Toka jikoni darasa halisikiki.

Mdogo wako akupendaye,
Earlene